Moshi wa Bibi Kule Milimani

Jirani yangu hapa Nkende huchoma mavi makavu ya ng'ombe kufukuza mbu, na moshi ukiingia dirishani kwangu, hasira za utotoni zinarudi zote. Nakereka, jamani! Si na jirani, bali na watu wazima wa miaka ile ya hamsini, kila mmoja akijiona ndiye anayejua.

Sisi tulikaa milimani Tarime, kwenye baridi ya kujikunyata, na mbu nilikuwa simjui. Bibi, mama yake baba, alikaa chini Kenyamonta kwenye joto. Baada ya mavuno, mimi na mdogo wangu Mwita tulipelekwa kwake. Giza likikaribia, Bibi aliwasha mavi ya ng'ombe kwenye chungu kibovu, akakiweka karibu na ngozi tuliyolalia. Tulikohoa, machozi yakatutoka, nikalalamika mpaka akacheka. "Ghati, lia na moshi tu. Ukilia na mbu utalia zaidi."

Tulirudi nyumbani wazima. Siku zikapita, mara homa hiyo, Mwita akatetemeka mpaka meno yakagongana. Kwa kuwa kwetu hakukuwa na mbu hata wa kuonyesha wageni, mama akaamua mkosaji ni nani.

"Mama yako anawafukizia wanangu dawa," akamwambia baba. Na baba, mwanamume mzima, akaendelea na ugali wake!

Mwaka uliofuata mama alitupeleka mwenyewe, na jioni ya kwanza akamwagia kile chungu maji.

"Mama Mwita, huo ni moshi wa mbu tu," Bibi akasema.

"Kwetu watoto hulala bila moshi, mama, na hawaugui."

Mimi nikashangilia, nikalala navuta hewa safi huku mbu wakitula watakavyo. Safari hiyo tuliporudi, nusura Mwita afe. Je, mama alijiuliza? Wapi! Alisema Bibi amelipiza kisasi cha chungu chake, na kwamba hatutakanyaga tena kwake.

Habari zilipomfikia, Bibi akapanda mlima na mguu wake mbaya, tenga kichwani. Ndani mlikuwa na mavi makavu ya ng'ombe. Akaketi kando ya Mwita, kwenye baridi ile isiyo na mbu hata mmoja, akaanza kuwasha. Mama akamtoa nje yeye na tenga lake, majirani wakitazama. Sikumwona tena.

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Baridi ya mlima ndiyo iliyowazuia mbu kuzaliana kwetu, si ujuzi wa mama, na homa tulipanda nayo ndani ya damu kutoka bondeni. Bibi hakuwahi kuishi mahali pasipo na mbu, mama naye hakuwahi kuishi nao. Inaniuma mpaka leo, maana pale mlangoni, akisukumwa, Bibi hakujitetea hata kidogo.

"Basi washa wewe mwenyewe, mama Mwita," alisema. "Mimi nitakaa huku nje."