Ukurasa Niliotaka Ufungwe

Siku ile katika ukumbi wa Mukendo tulikaa hivi. Mbele alikuwa mwanasheria, kijana wa miwani kutoka Mwanza. Si ndugu yetu, lakini aliniamkia kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa. Pembeni yake afande wa kike, mama mnene mpole, ambaye mama yake mzazi nilisali naye jumuiya moja kule Nyakato. Mstari wa pili shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mwalimu mstaafu, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Butiama amevaa koti la mazishi, kwa sababu ndilo koti alilo nalo. Nyuma yake mama muuza dagaa, jirani yangu wa Kigera, tunachota maji bomba moja. Halafu mimi. Halafu mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, miaka ishirini na mbili, amevaa kofia ya sufu na joto lote lile.

"Mke mwenzangu, vua hiyo kofia, utaiva," nilimwambia.

"Niache niive, bibi."

Aliyekosekana ni binti yangu mwenyewe, mama yake. Alikuwa Bunda kwenye pamba yake. Hata pamba isingekuwepo, asingekuja kukaa mstari mmoja na mimi.

Majina ya hao wote ninayo, na ya wengine waliojaza ukumbi pia. Shule nimeishia darasa la nne, hesabu zilinishinda, lakini jina likishaingia kwangu halitokagi. Nyumbani walikuwaga wananiita daftari. Hapa sitaandika hata moja, na mtaona ni kwa nini.

Tuliitiwa mambo ya sheria. Kuna sheria wanataka itungwe, kwamba mwenye tovuti, yaani mwenye ule ukurasa wa kwenye simu ambako watu wanabandika matangazo, naye ashitakiwe ikiwa wasichana wanauzwa humo. Siyo aliyebandika peke yake. Wanasheria walikuwa wanazunguka mikoani kuchukua maoni ya wananchi, na aliyenialika ni afande, maana alijua yaliyotupata.

Yaliyotupata yalianzia msibani. Mume wangu alipofariki tulimzika kwao Butiama. Wasifu wake niliutaja mimi, shemeji akaandika. Kwetu wasifu hausomwi nusu. Niliwataja baba zake mpaka yule aliyehamia pale na ng'ombe. Nikataja dada zake na walikoolewa, na shangazi mmoja aliyeolewa upande wa Bunda, watoto wake wakatawanyika wasirudi tena kusalimia. Nikataja watoto wetu, wajukuu, na kila mjukuu amerithi jina la nani. Watu walisema hata padri alikuwa hajasikia wasifu mrefu namna ile. Mjukuu wangu akapiga picha karatasi zote, akaziweka kwenye ukurasa wake wa simu pamoja na sura ya babu yake. Nilifurahi. Nikamwambia, mke mwenzangu, umemheshimu mume wetu.

Miezi michache ikapita, akaona tangazo la kazi ya hotelini, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Lilikuwa kwenye tovuti ile ile ambayo jirani yangu anauzia dagaa. Humo watu wanauza viwanja, pikipiki, mbuzi, kila kitu. Akaomba ile kazi, wakampigia. Mimi nikakataa. Nikasema siachii mtoto kwa mtu nisiyemjua. Basi yule mwanamke mwenye kazi akanipigia mimi.

Kwetu mgeni akibisha hodi haulizwi anataka nini, anaulizwa ni wa nani. Akiweza kutaja baba na babu na mama zao walikozaliwa, anaingia, anapewa kigoda. Asipoweza, anabaki nje mpaka apatikane wa kumjua. Ndivyo mama yangu alivyonifundisha, na miaka yote haijawahi kunidanganya. Nikamuuliza yule mwanamke kwenye simu, kwa kilugha chetu, wewe ni wa nani? Akanijibu kwa kilugha. Akasema yeye ni mjukuu wa yule shangazi aliyeolewa Bunda. Nikamwambia, taja. Akataja. Alitaja ndugu za shangazi kwa mpangilio, mkubwa mpaka mdogo, hata yule aliyefariki mchanga ambaye wengi wameshamsahau. Nililia kwa furaha. Nikasema kumbe damu yetu haikupotea. Nikamwita mjukuu wangu nikamwambia nenda, huyu ni dada yako.

Alikuwa anasoma. Alikuwa na wasifu wangu mbele yake, ananisomea mimi mwenyewe, kwa mpangilio nilioutaja mimi.

Hoteli haikuwepo. Walimfungia kwenye nyumba yenye geti, yeye na binti mwingine wa umri wake, wakawapiga picha wamesimama pamoja, na tangazo lao likabandikwa kwenye tovuti ile ile, sehemu iliyoandikwa masaji. Zaidi ya hapo hajaniambia, na mimi sijamuuliza. Mwezi wa tano mtu wa gesi alileta mtungi akaacha geti wazi. Mwenzake alikuwa bafuni. Mjukuu wangu alisimama kwenye korido akahesabu mpaka ishirini akimsubiri atoke, kisha akakimbia, peku. Polisi wa kule walipoifikia ile nyumba walikuta imefagiliwa, hamna mtu. Mwenzake bado yuko nao. Haya ninayoandika ni juu ya huyo binti kuliko juu yetu.

Mjukuu wangu akakaa kwangu Kigera. Binti yangu alikuja mara moja, akamkumbatia mtoto wake, mimi akanipita. Alipofika mlangoni akageuka. "Mama, wewe ndiye ulimwambia ni dada yake." Ni kweli, nilimwambia.

Kila asubuhi nilikuwa namwona ameinamia simu kabla hata ya chai. Siku moja nikachungulia, nikaona ni ukurasa ule. Nikadhani anajitazama. Nikadhani aibu imemgandisha pale hawezi kubanduka. Niliuchukia ule ukurasa kama mtu mwenye uso.

Sasa ukumbini. Mwanasheria alieleza vizuri, bila maneno makubwa. "Leo ukimfuata mwenye tovuti anakwambia, mimi nina ukuta tu, anayebandika ni mwingine. Sheria hii itamwambia, ukuta ni wako, ujue kinachobandikwa."

Muuza dagaa alisimama hata hajaitwa. "Mheshimiwa, mimi nina swali. Huyo mwenye ukuta akiogopa kufungwa, si ataubomoa wote? Wateja wangu wa Shinyanga nawapatia humo. Au unataka nitembee na ndoo ya dagaa nikipiga yowe?"

"Yowe unaliweza, mama," mtu akasema kutoka nyuma, watu wakacheka.

"Naliweza, na nitaanzia mlangoni kwako."

Shemeji akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Mimi nimefundisha maisha yangu yote. Mtoto akiumizwa shuleni anaitwa mwalimu mkuu. Hasemi, mimi nina majengo tu."

"Mwalimu, mkuu wa shule anawajua wanafunzi wake. Huyu wa tovuti atawajua watu wangapi?"

"Basi asipokee asioweza kuwajua."

"Na mimi ananijua? Si atanifukuza wa kwanza, na dagaa wangu!"

Wakaendelea hivyo, na kusema kweli kila mmoja nilimwona ana haki wakati anasema. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshaamua tangu nyumbani. Nikasimama. Nikasema, "Mimi nimeishia darasa la nne, na mtu alipokuja kwa mjukuu wangu niliuliza, wewe ni wa nani. Nikadanganywa, ndiyo. Lakini niliuliza. Yeye mwenye mashine zake alipoletewa picha ya watoto wa watu, aliuliza nini? Alisema karibu. Mimi nataka huo ukurasa ufungwe. Ufungwe leo."

Watu walipiga makofi. Sikuwahi kupigiwa makofi maishani mwangu. Niseme ukweli, nilisikia utamu.

Mwanasheria akainua karatasi. Akasema sheria itachukua muda wake, lakini kuna barua ya kuomba tovuti ile ifungwe sasa hivi, wananchi waweke majina. "Nani aanze?"

"Bibi aanze!" wakasema.

Nikaenda mbele nikaandika jina langu, herufi kubwa moja moja, kama nilivyofundishwa. La kwanza kabisa, juu ya karatasi. Nikageuka nimpe mjukuu wangu kalamu. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, kwenye tenki la maji, ambako wapishi walikuwa wanaosha sahani za chakula cha mkutano. Amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mke mwenzangu, vipi?"

"Umeandika, bibi?"

"Nimeandika. Mimi ndiye wa kwanza."

Akatoa ndani ya sweta daftari la shule, lile la kurasa chache, akanifungulia. Zilikuwa namba za simu, mstari kwa mstari, na siku alipoziona. "Tangazo letu hawajalitoa," akasema. "Wamenikata mimi kwenye picha, yeye wamemwacha. Wanabadilisha namba ya simu tu, kila baada ya siku chache. Namba ikibadilika najua bado yupo. Juzi wameweka picha mpya. Amekonda. Nyuma yake kuna dirisha, nje ya dirisha kuna kibao cha duka, nusu yake inasomeka."

"Kwa nini hukumpelekea afande?"

"Ataniuliza jina. Jina litaandikwa, bibi. Likishaandikwa si unajua linakoendaga?"

Najua.

"Sasa wakifunga," akasema, "mimi nitamtazamia wapi?"

Nilirudi ndani mbio, mbio zangu hizi za goti bovu. Karatasi ilikuwa imejaa mpaka chini. Nikamwambia mwanasheria, mwanangu, nifute. Akavua miwani. "Bibi, nimeshaipiga picha nimewatumia wenzangu. Imeshaondoka."

"Irudishe."

"Hairudi, bibi."

Nyuma wakaanza. "Bibi naye kashaanza kuuza dagaa!" Kicheko kikapita ukumbini. Muuza dagaa akageuka kwa hasira, "Nyamazeni! Mwacheni mama wa watu aseme."

Nikasema, ingawa sauti haikuwa ile ya mwanzo. Nilisema sikutaka kusema ufungwe. Nilitaka kusema ajibu. Mwenye tovuti aitwe, aseme tangazo hili limeletwa na nani, kwa simu ipi, akiwa wapi. Akifunga, ameondoka na majibu yote. Mwanasheria akaandika kila neno, nilimwona. Akasema, "Hayo nitayapeleka kwenye maoni ya sheria, bibi. Na wenzangu nitawapigia wasubiri kidogo." Aliwapigia kweli, mbele yangu. Simu iliita haikupokelewa.

Afande alikuwa ameshatoka. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya mjukuu wangu, na magwanda yake yote, ananakili kutoka kwenye lile daftari. Hakumuuliza jina. Nilimsikia anasema, "Namba kwanza, mwanangu. Na hiyo picha ya dirisha nirushie. Mengine utasema siku ukitaka." Walimaliza sahani zimeshakauka.

Siku ya tisa asubuhi ule ukurasa haukufunguka. Mjukuu wangu alizima simu akaiwasha. Akaenda kwa jirani akajaribu na ya kwake. Akarudi akakaa, chai ikapoa mbele yake, sikuweza kumwambia anywe.

Nilimpigia mwanasheria. Alikuwa mpole. Alisema barua hazikuwa moja, zilitoka miji mingi, na wengine wanasema mwenye tovuti alisikia habari za sheria akaogopa, akafunga mwenyewe. Hajui ni kipi. Sheria yenyewe bado inajadiliwa. Aliniuliza kama nitakuja kwenye mkutano mwingine. Nikamwambia nitakuja, nikae nyuma.

Afande amewatumia wenzake wa ng'ambo zile namba na kile kibao cha duka. Anapita kwangu akitoka kazini, na akiwa bado yuko njiani namtazama uso. Mpaka leo hajaja na uso mwingine.

Jirani yangu wa dagaa amepata ukurasa mwingine wa kuuzia. Wiki iliyopita alinikuta bombani, akaniwekea ndoo yangu kwanza. "Bibi, kila nikiweka dagaa zangu napitia na ile sehemu mbaya," akasema. "Mjukuu wako alinionyesha sura ya yule mwenzake. Sijamwona bado." Mama huyu nilimnunia wiki nzima kwa yale aliyosema ukumbini.

Mjukuu wangu anaamka saa ile ile, anafungua simu, anaangalia ukurasa mweupe usio na kitu, anafunga. Kule kwenye nyumba ile walipewa majina mapya. La kweli, mwenzake alimwambia mara moja tu, yeye akaniambia mimi, kwa sababu mimi sisahau. Nalitaja kila asubuhi kabla ya kuwataja wa kwetu. Binti yangu ameanza kunitumia salamu kupitia kwa shemeji, salamu fupi tu.

Sasa nyinyi mliokuwepo ukumbini, nisomeni vizuri. Kama nimemkalisha mtu mstari usio wake, niambieni. Kama shemeji alisema kabla ya muuza dagaa, niambieni, uzee huo. Na pale niliposema jina langu ndilo lililotangulia kwenye ile barua, hapo hasa. Kama kuna aliyeandika kabla yangu na mimi sikumwona, aje Kigera anisahihishe. Nitampa kigoda bila kumuuliza ni wa nani.