Kilio Tulichokiweka Kwenye Mchezo

Ukiniita mwongo, sawa, nimeshaitwa mengi. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana wa jua kali, pale Mbotela, Nairobi, na sikuwa nimeonja hata tone.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, intaneti ndiyo kwanza inaingia Eastlands. Mimi na rafiki yangu Wafula tulikuwa tunasimamia duka dogo la intaneti karibu na Jogoo Road. Wateja walikuwa wa kuokoteza, kwa hivyo tukaunda mchezo wetu wa kompyuta. Tulitumia programu ya kuundia michezo, ile inayokupa kuruka na kuanguka tayari, wewe unaongeza picha na sauti zako. Kijana anaruka mitaro ya mtaa, akikosea, anatumbukia. Mtu anafungua ukurasa wetu kwenye kivinjari na kucheza papo hapo, popote alipo duniani. Niamini, tulijiona wafalme. Vijana wenzetu walikuwa wanasukumana kila asubuhi kwenye mageti ya Industrial Area wakiomba kibarua, na sisi tulidhani tumeponyoka.

Kilichokosekana ni sauti ya kuanguka. Wafula akaleta kanda. Babu yake alipozikwa kwao, upande wa magharibi, msiba wote ulirekodiwa, na kanda inaanza na nyanya yake akipiga nduru za kutangaza kifo. Nyanya mwenyewe alikuwa ameshamfuata mumewe kaburini.

"Kwetu mtu hapigi hii nduru ovyo," Wafula aliniambia, akicheka. "Ukiipiga na hakuna maiti, unaiita. Lakini hizo ni story za ocha, za wazee kijijini, buda. Skiza vile iko poa."

Mimi ni mtu wa Murang'a, uzito wa mwiko wao sikuujua. Yeye aliyeujua aliucheka. Tukaiweka. Kila kijana alipotumbukia mtaroni, nyanya akalia. Wachezaji waliipenda sauti hiyo kuliko kitu kingine chochote. Walituandikia hivyo kutoka nchi ambazo hatungeweza kuzionyesha kwenye ramani.

Basi mchana mmoja stima ikapotea, mambo ya mgao wa umeme. Wafula akatoka kununua chapati na madondo, nami nikakaa mlangoni kupunga hewa. Nyuma yangu nikasikia nduru. Zatoka wapi, na mashine zote zimezima? Nikageuka. Mwanamke mzee alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya pembeni, kioo cheusi ti, kitambaa cha buluu kichwani, na mkono wake wa kulia hauna kidole cha shahada. Angepitia wapi, na mlango nimeuziba mimi?

"Shosho, stima imepotea," nikamwambia. Ndilo neno lililonijia.

Akanitazama. Sauti ilikuwa imemkauka kama mtu aliyetoka matangani. "Mjukuu wangu, mbona mnaniliza kutwa kucha? Namlilia nani?"

Nikasimama, mgongo mlangoni.

"Mwambie Wafula aninyamazishe," akasema. "Nikizidi kulia bure, nitapewa wa kumlilia."

Hapo Wafula akafika, nikageuka kumpisha, na niliporudisha macho kiti kilikuwa kitupu. Nikamwelezea kitambaa, nikamwelezea kidole. Chapati zilimdondoka. Nyanya yake ndivyo alivyokuwa.

"Toa hiyo page," akasema. "Stima ikirudi tu, toa."

Tuliufuta jioni ile ile. Lakini mtandao si ubao wa shule. Watu walikuwa wameshaunakili mchezo wetu, na mmoja wao, mtu wa ng'ambo mwenye tovuti ya kukusanya michezo, alikuwa amefuta majina yetu akaweka lake. Tukamwandikia kumsihi aondoe angalau ile sauti. Akajibu kwa mstari mmoja tu: wageni wake wanakipenda hicho kilio. Unamwelezaje mtu kama huyo habari za nyanya aliyezikwa? Tulijaribu. Hakujibu tena.

Wafula alikufa kabla mwaka haujaisha. Homa, walisema hospitalini. Kijana aliyekuwa buheri wa afya! Mama yake alipopiga nduru uani kwao pale Mbotela, nilizijua pumzi kwa pumzi, kwa sababu ndizo nilizokuwa nimezikata mwenyewe kutoka kwenye kanda.

Nina uchungu mpaka leo, wala sifichi. Yule bwana wa ng'ambo simjui sura, na pengine analala usingizi mtamu.

Wewe unayeunda vitu na kuvitupa mtandaoni, usiweke humo kitu cha wafu wenu, hata kiwe kitamu namna gani. Kikishatoka hukishiki tena, na wanaokibeba hawana habari na kwenu.

Juzi nimeukuta mchezo ule ungalipo, watu wanacheza. Nimeandika tena, kimya. Mama Wafula, ambaye nilimweleza yote baada ya mazishi, amebakiwa na mtoto mmoja tu, na kila akitoka kanisani hupitia kwangu kuniuliza, "Uliizima ile kitu?"

Mimi humjibu, "Niliizima, Mama."