Mita Themanini za Nurudini

Tangu kiharusi kilipomwangusha Nurudini dukani kwake Kasulu mjini, kitenge cha mteja kikiwa bado mkononi, mambo mengi yalihama mahali pake kichwani. Alimwita mkewe Asmahani kwa jina la dada yake mwenyewe, Safina. Alivaa kofia kabla ya kunawa uso, akailowesha. Bei ya doti ya kitenge ya mwaka aliooa angekutajia bila kusita, lakini ukimuuliza kama amekula, anamgeukia mkewe amjibie. Mkono wa kulia ulining'inia tu. Na kilichomkera kuliko vyote, watu walimsemesha kwa makelele, utadhani kiharusi kilimpiga masikioni.

Mtu wa namna hiyo hakabidhiwi jambo la umma. Watu wa Kasulu walimkabidhi.

Kilikuwa kikao cha kuchangia banda la mazoezi kwa waliopooza. Walikuwa wanajinyoosha uani mwa zahanati, na mvua ikinyesha wanaambiwa wakimbilie barazani, watu ambao hata kutembea ni mtihani. Mzee Nsengimana, mwenyekiti wa kamati, akasimama.

"Tufanye jambo watu waje kuona," alisema. "Nurudini ni mtu wa Ujiji, kakulia ziwani. Miaka thelathini anatusimulia pale dukani alivyovuka ghuba akiwa mtoto. Sasa avuke bwawa la Kagerankanda. Ni mita themanini, na kila mita tuitolee bati moja. Au nasema vibaya, Nurudini?"

Katika maneno yote hayo Nurudini alidaka jina lake tu. Akadhani mzee anamsalimia. Na mzee wa Kiha humwitikii kwa mdomo peke yake. Unainama, unapiga viganja taratibu. Kwa miezi saba Nurudini alikuwa ameshindwa kuvikutanisha. Akainama, akauvuta ule mkono wa kulia kwa nguvu zake zote, na viganja vikakutana. Pa. Pa. Furaha ilimjaa hadi machozi yakamlengalenga, akatazama huku na huku kama kuna aliyeona.

Wote walikuwa wameona. Kwa Waha, ukiwekewa neno mbele ya watu nawe ukalipigia viganja, umelipokea. Kina mama walipiga vigelegele, na watu wakaanza kuandikisha mabati.

Nyumbani Asmahani alimngoja ameshika kiuno.

"Baba Shamsi, umekubali nini huko?"

"Nimesalimia."

"Umesalimia! Mji mzima unaandika mabati. Hivi wewe unajua kuogelea?"

"Si nilivuka ghuba?"

"Sikuulizi unachosimulia, nauliza unachojua. Miaka thelathini na moja nimekaa na wewe, sijakuona umeingia hata kwenye kijito."

Nurudini akaketi, akaanza kupekua kichwani. Kisa chenyewe alikijua chote: majirani walivyojaa, baba yake alivyomvisha kofia mpya. Lakini maji hakuyaona popote kichwani. Yalikuwa ya baridi? Aliyameza? Hakupata kitu. Labda kiharusi kilikuwa kimeyafuta. Au labda hayakuwapo tangu mwanzo, na yeye ni mwongo aliyejisahau. Wazo hilo lilimtisha kuliko kufa maji. Alikuwa amepokonywa nusu ya mwili. Alitaka walau kilichobaki kiwe cha kweli.

Angeweza kwenda kwa mzee Nsengimana akaeleza, na mzee angemwelewa. Hakwenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, aliwaambia watu, lakini ukweli ni kwamba alitaka kujua.

Daktari alimruhusu kwa sharti moja, asiingie majini bila Mulenda. Huyu Mulenda alikuwa mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu aliyejitolea pale zahanati kunyoosha viungo vya wagonjwa, na kwao Kongo alikuwa mvuvi.

"Papa Nuru, lala ku mayi," alimwambia, akimlaza juu ya maji. "Miye niko nakushika. Usikaze shingo."

Wiki ya kwanza pale bwawani Papa Nuru alizama kama jiwe la kusagia. Wiki ya tatu mgongo ulianza kuelea. Wiki ya sita, amelala chali, miguu ikipiga na mkono wa kushoto ukivuta, alikuwa anakwenda mita ishirini kabla ya kupumzika. Alirudi nyumbani uso unang'aa.

"Mama Shamsi, nimeanza kukumbuka! Mwili haukusahau!"

Asmahani alisema alhamdulillahi, kisha akampigia simu wifi yake Safina, Ujiji, amuulize habari za ghuba. Safina aliuliza ni lini, akasema habari hizo hazisemwi kwenye simu. "Wifi," alisema mwishowe, "siku hiyo nakuja."

Siku ilipofika, kingo za bwawa zilijaa watu kutoka Kasulu hadi Kitahana. Nurudini aliingia majini, akalala chali, na Mulenda aliogelea ubavuni mwake na dumu tupu la kushikilia, likihitajika. Kila mita umati ulihesabu kwa sauti: bati la kumi! Bati la kumi na moja! Walipofika arobaini na sita, bodaboda ilisimama kwa kishindo na mwanamke wa makamo akaruka, baibui linapepea.

"Mtoeni! Mtoeni huyo! Hajui kuogelea! Hajawahi kujua!"

Hesabu ikakatika. Nurudini aliinua kichwa amtazame dada yake, akazama, akameza maji, akaibuka akikohoa. Mulenda alimsogezea dumu.

"Nuru!" Safina alilia. "Ghuba nilivuka mimi! Wewe ulinishikia nguo!"

Hapo ndipo kumbukumbu ilipokuja, na haikuwa ya maji. Lilikuwa gauni la maua, kavu, mikononi mwake. Safina kajibanza nyuma ya mawe akitweta, baba anakuja na fimbo akiuliza ni nani huyo aliyeonekana majini, na yeye, kitoto cha miaka kumi na moja, anasema ni mimi. Dada, msichana, angechapwa. Yeye alivishwa kofia.

Alichanganyikiwa kabisa. Kama ghuba hakuvuka, huyu anayeelea hapa ni nani? Kajifunzia wapi? Akajijibu polepole, maji yakimtoka puani: hapa. Alijifunzia hapa hapa, kwa wiki sita, akiwa na mkono mmoja. Hakuwa amekumbuka chochote.

Aibu na furaha vilimpanda kwa pamoja, hata hakujua ashike ipi.

"Papa, tunatoka?" Mulenda aliuliza.

Nurudini hakuligusa dumu. Alivuta pumzi, akapaza sauti ya kwanza kubwa tangu alipougua: "Ni kweli! Mzee Nsengimana, nimewadanganya! Ghuba alivuka dada yangu!"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa imechukua miaka arobaini na minane. Akalala chali, akaanza kupiga miguu.

Kingoni hakuna aliyejua afanye nini. Mzee Nsengimana aliwatazama wenzake wa kamati, nao wakamtazama yeye. Safina aliingia majini na baibui lake hadi magotini, akaanza kuhesabu peke yake.

"Arobaini na saba!"