Kreni ya Kuinua Majengo

Mwaka ule Majengo nzima ilijua kwamba serikali inaleta kreni kutoka ng'ambo, ndefu kuliko maghorofa yote ya Nairobi yakibebana mgongoni. Ingeinua nyumba zetu za udongo moja moja, wapangaji tukiwa ndani, izishikilie hewani huku ghorofa zikijengwa chini, kisha izitue juu ya paa. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kuboresha mtaa bila kupoteza utamaduni. Mimi niliamini, tena si kama mjinga wa kawaida. Niliamini kama msomi. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza shule ya jioni huko Shauri Moyo, na cheti changu nilikuwa nakitembeza hata nikienda bafuni.

Nilipanga kwa Bibi, mjane wa Kiislamu aliyenipokea nilipotoka magharibi mwa Kenya na sanduku la bati na Biblia ya mama. Nyumba yake ilikuwa ile ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu ulionyooka katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mumewe alioshwa pale uani, akapitishwa ukumbini ndani ya jeneza, mabegani mwa watu, moja kwa moja hadi barazani walikomngoja wanaume. Hakuinamishwa, hakupindishwa. Bibi alikuwa akisema, akichambua mbaazi zake, "Na mimi nitatoka hivyo hivyo. Mengine wajenge watakavyo."

Sasa huyo mtaalamu wa mipango tuliyeletewa na serikali. Alikuwa anakaa Buruburu, na ungedhani Buruburu ni Ulaya ndogo. Viatu vyake viling'aa hata kuku wakaviogopa. Kwenye mkutano wa mtaa alitamka neno "urithi" mara nyingi kuliko padri anavyotamka "amina", na kila alipolitamka alitazama saa. Akakaribishwa kukaa barazani, akatandika gazeti kwanza. Mtu anakuja kuhifadhi baraza, na makalio yake yanaliogopa! Kisha akatukunjulia mchoro: ghorofa kama makabati ya chuma, na juu ya kila dirisha tao la kupakwa rangi. Madirisha yenye nyusi. Huo ndio uliokuwa utamaduni wetu, tumeishi nao miaka yote bila kujua.

Lakini mimi akili yangu ilikuwa kwenye kreni. Nikaenda Gikomba nikanunua kamba ya katani, ndefu ya kufunga Mlima Kenya na chenji ibaki, nikaanza kuizungusha nyumba ya Bibi.

Jirani wa chumba cha pili, mpakiaji wa mizigo kule reli, akasimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Niaje, msomi. Unafunga nyumba ama unafunga ng'ombe?"

"Nafunga kuta zisipasuke ikiinuliwa."

"Basi nifunge na mimi kitandani, buda. Nikilala huwa nabiringika, nitaangukia Kamukunji."

Bibi hakucheka. Alinishikia ncha ya kamba. "Kaza hapo ukumbini, mjukuu wangu," akasema. "Kwingine kukipasuka si kitu."

Mtaalamu aliporudi kupima, alikuta nyumba imefungwa kama kifurushi cha posta. Akauliza ni nini. Nikamweleza, kwa fizikia yangu yote, kuhusu uzito, mvuto na kreni. Akatabasamu lile tabasamu la watu wa ofisini, linaloanzia na kuishia kwenye meno.

"Mama," akamwambia Bibi, "usiwe na shaka. Urithi umezingatiwa. Matao yapo kwenye kila dirisha."

"Mwanangu, mimi sijakuuliza dirisha. Nyumba ikishakwenda huko juu, jeneza langu litapita wapi?"

Akaanza upya: urithi, ushirikishwaji, mandhari ya kihistoria. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na hakuna hata moja la kunywa. Bibi akamnyooshea kiganja.

"Nijibu kama unavyomjibu mama yako mzazi."

Yule bwana akakunja mchoro wake. Kwa mara ya kwanza hakutazama saa.

"Nyumba haiinuliwi, mama. Hakuna kreni. Hii inabomolewa, na kwenye ghorofa hakuna ukumbi. Kuna ngazi nyembamba, yenye kona."