Stuli ya Fundi na Plau ya Mama Mkwe

Huyu fundi wa kuchomelea ni bingwa. Muulize yeye mwenyewe. Mama mkwe wake, ambaye hajawahi kuficha kwamba bintiye angepata mume wa maana zaidi, alimletea trekta lake kuukuu na plau mpya. Mvua ilikuwa imekaribia, na pini za plau zilikuwa nyembamba, zinachezacheza kwenye matundu mapana ya mikono ya trekta.

"Mama, nenda kalale usingizi. Chuma kinanijua mimi!"

Siku tatu akakata, akachomelea, akakata tena alichochomelea. Akichoka alikaa kwenye stuli yake ya chuma, akamlaani aliyetengeneza zile pini.

Siku ya nne mama mkwe akaja, akatazama weee, akasema, "Hebu inuka, baba."

Akaipindua stuli, akaingiza pini kwenye mguu wake wa bomba. Ikakaa kama kidole ndani ya pete. Wakakata vipande viwili vya mguu ule, wakavigonga kwenye matundu ya trekta viwe bushi za kubana pini, plau ikatulia tuli. Jioni nusu ya shamba ilikuwa imelimwa.

Mpaka leo fundi anawasimulia wateja jinsi alivyobuni bushi zile. Anawasimulia akiwa amesimama.