Mnyapara Alipotoa Shikamoo

Ubao ulikuwa umeegemezwa mlangoni mwa banda la video, pale Mikumi karibu na stendi, na mwenye banda alikuwa ameuchora mwenyewe kwa chaki za rangi. Mtu amepiga goti, kitambaa cha buluu usoni, glavu nyeupe mikononi. Mguu mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine, maana kuchora yule bwana hakujaliwa. Hata hivyo nilimtambua palepale. Nilikuwa natoka sokoni na kikapu cha nyanya, mwalimu mzima wa shule ya msingi, nikasimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli mmoja akanitukana.

"Mkanda mpya huo, mwalimu," mwenye banda akaniambia. "Umetoka Ulaya juzi tu."

Watani wake waliokuwa wanachoma mishikaki wakamuuliza ni Ulaya ipi, ile ya njia ya Kilosa? Kijiji cha jina hilo kipo kweli, na basi la Kilosa hupita hapo kila siku. Wote wakacheka. Mimi machozi yalikuwa yananilengalenga, nikainamia nyanya zangu ili wasinione.

Ili nieleweke, lazima nirudi Kilosa, nyumbani kwetu Mabwerebwere, nilipokuwa mtoto. Baba alikuwa kibarua kwenye genge la reli, watu wa kushindilia kokoto na kubadilisha mataruma ya chini ya reli jua likiwa utosini. Siku moja akiwa kazini aliokota kitabu cha picha pembeni mwa njia. Abiria fulani alikitupa dirishani. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni, kwa hiyo kitabu cha rangi kuingia nyumbani kwetu lilikuwa jambo la kuita majirani.

Kilikuwa cha Kiingereza. Baba alikaa mkekani, akakunja uso kama karani, akaanza kunisomea.

Huyu mwenye kitambaa cha buluu, alisema, ni mnyapara wa genge la reli. Siku za kawaida anasimamia vibarua. Hatari ikitokea anajifunga kitambaa usoni ili wakubwa wasimjue, maana kazini hawapendi mtu mwenye kimbelembele. Ana nguvu za kuinua behewa lenye mzigo. Lakini kabla ya kila pambano ni lazima aende kwanza kwa baba yake kumwamkia. Na picha yake ilikuwepo, tena ukurasa mzima: Mnyapara amepiga goti, ameinamisha kichwa, na mbele yake mzee wa mvi amemwekea mkono utosini.

"Unaona?" baba alisema. "Nguvu zote hizo, na bado anatoa shikamoo. Siku asipotoa, nguvu zinamtoka."

Niliamini kila neno. Niliwaamkia wazee wa Mabwerebwere mpaka wakachoka kuitikia. Bibi mmoja alinisihi nimpunguzie, mara tatu kwa asubuhi moja zinatosha. Shuleni, mtoto wa karani aliposema baba yangu hajui Kiingereza, anajua kokoto tu, nilimng'ata mkono mpaka meno yakaacha alama. Nilichapwa viboko vinne mbele ya mstari na sikuomba radhi. Wao walikuwa na viatu na baiskeli. Mimi nilikuwa na baba anayesoma Kiingereza, na sikuwa tayari kunyang'anywa hicho.

Kitabu chenyewe kilikwenda na maji, mwaka ule mto Mkondoa ulipofurika hadi vyumbani, kabla sijajua hata Kiingereza cha kuomba maji ya kunywa. Mnyapara akabaki kichwani mwangu. Nilimchora kwenye madaftari, na nilipofika chuo cha ualimu nilimchora ukutani juu ya kitanda, wakati wenzangu wamebandika wanamuziki. Walinicheka sana. Sikujali, nilikuwa nimeshazoea kuchekwa kwa ajili yake.

Sasa ruksa ya biashara ilikuwa imeingia. Mitumba, redio za kaseti, televisheni, mikanda ya video, kila kitu kilipita barabara kuu na vingine vikashuka Mikumi. Na katika vitu vyote hivyo, Mnyapara naye akawa amekuja. Siku ileile nilimpa utingo wa basi la Kilosa ujumbe ampelekee baba: Mnyapara amefika, njoo Jumamosi.

Alikuja Ijumaa, hakuweza kusubiri. Alikuwa ameshastaafu, mgongo umepinda kidogo, na alikuja amevaa kanzu yake ya Idi na kofia mpya. Nikamwambia tunakwenda bandani, si msikitini. Akanijibu kwamba mtu haendi kumwona mnyapara na nguo za shamba.

Jumamosi mchana banda lilijaa. Mbele walikaa wafugaji watano waliotoka mnadani, mashuka mabegani, fimbo wamezilaza miguuni. Nyuma walikuwa vijana wa stendi, na katikati yao baba, mikono juu ya fimbo yake, kama mgeni rasmi. Kumbe mtafsiri hayupo. Katika mabanda yetu ya video lazima awepo mtu wa kusimama pembeni ya televisheni na kueleza kwa Kiswahili kinachosemwa, na wa pale alikuwa Kidodi msibani. Mwenye banda alinijia akiwa amelowa jasho.

"Mwalimu, wewe si unafundisha Kiingereza? Nisaidie. Hawa watanivunjia banda."

Kabla sijafungua kinywa, baba akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Atatafsiri. Kiingereza kwetu ni cha nyumbani."

Basi nikasimama. Mkanda ukaanza, na steringi, shujaa mwenyewe wa sinema, alipotokea tu, baba akawatangazia jirani zake wa kushoto na kulia: huyo ni mnyapara wa reli, kitabu chake nilikuwa nacho, nilimsomea binti yangu huyu. Watu wakamgeukia kwa heshima. Mimi moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Kitambaa kilikuwa cha buluu ileile. Namna ya kusimama ilikuwa ileile. Zaidi ya miaka ishirini nilimjua akiwa ametulia kwenye karatasi, na sasa alikuwa anatembea.

Dakika kumi zilinitosha kuelewa. Steringi hakuwa mnyapara wala hakuwahi kushika kokoto. Alikuwa mtoto wa tajiri, ana nyumba ndefu kwenda juu, anakunywa chai na kusoma gazeti. Baba yake, ikasemwa wazi, alikufa zamani. Na mzee wa mvi, yule wa ukurasa mzima, alikuwa mkuu wa majambazi.

Nikajua, nikiwa nimesimama mbele ya watu, kwamba baba hakuwahi kusoma hata neno moja la kitabu kile. Nilikasirika. Nilikumbuka vile viboko vinne, na mkono wa mtoto wa karani, ambaye kumbe alisema kweli. Nilimtazama baba kule nyuma, nia yangu nimkazie macho ajue kwamba nimejua. Lakini yeye alikuwa anatabasamu, ananitikisia kichwa niendelee, kama mzazi anayemsikiliza mwanawe akisoma risala.

Kwa muda nilikwepakwepa. Nikasema steringi ni msimamizi, bila kutaja wa nini. Nikawaacha vijana wafurahie ngumi, maana ngumi hazihitaji mtafsiri. Lakini nilijua ile picha inakuja, na baba naye alijua.

Ikaja. Steringi amekamatwa, wenzake wamefungwa kamba ukutani. Anapiga goti. Anainamisha kichwa. Mzee wa mvi ananyoosha mkono na kumkandamiza utosini, anamwambia kwa Kiingereza aombe uhai wake kama mbwa. Na steringi anajibu kwa sauti ya chini kwamba ameshindwa.

"Haya, tazameni sasa!" baba akasema. "Anamwamkia baba yake!"

Wafugaji wa mbele wakaguna kukubali. Kwao mtoto humwinamia mkubwa, na mkubwa humgusa kichwani. Hawakuona ajabu yoyote. Banda zima likanigeukia mimi, kusikia amesema nini.

Nikisema yaliyosemwa, namuumbua baba mbele ya watu ambao amekwisha kuwaambia anakijua kitabu. Nikisema ya baba, nawadanganya watu wazima, nami mwalimu, kesho kutwa nimeshika chaki nafundisha watoto wao kusema kweli.

"Shikamoo," nikasema.

Kwenye televisheni yule mzee alikaa kimya. Walioitengeneza sinema walipataka pawe kimya hapo. Ila kwetu shikamoo haiachwi ikaning'inia. Nilisikia jenereta nje, nikasikia mtu akijikohoza. Ndipo kutoka nyuma ikaja sauti ya baba, tulivu, sauti ya kule mkekani.

"Marahaba, mwanangu."

"Marahaba," mfugaji mmoja wa mbele akarudia, kisha wengine, kisha hata wale vijana wa stendi ambao shikamoo zao huwa za kuvutwa kwa koleo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Yule mzee alipoanza tena matusi yake, nikawaeleza watu kwamba huyu ni baba mkubwa wa kijana, ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufa, lakini tamaa imempotosha. Kijana hawezi kumfuata kwenye uovu, ila umri wake anauheshimu. Watu wakaguna, kila mtu ana mzee wa namna hiyo kwenye ukoo. Mungu alinisaidia: steringi aliwatandika majambazi wote mpaka wakaisha, lakini mzee mwenyewe hakumgusa.

Na mwisho kabisa, zile kurasa zilizonyofolewa ambazo sikuwahi kuziona, wakafika kwenye daraja. Daraja la reli.

"Reli!" Baba alipiga fimbo chini. "Niliwaambia! Niliwaambia mimi!"

Mzee wa mvi aliteleza akabaki anabembea juu ya mto. Steringi akajitupa kifudifudi juu ya mataruma, akamdaka mkono. Kwa Kiingereza alisema neno moja tu, shikilia. Mimi nikasema, "Shikilia, baba mkubwa. Uliniitikia." Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, na sauti ikanikatika, ikabidi watu waangalie dakika nzima bila mtafsiri. Mfugaji mmoja alijifuta uso kwa ncha ya shuka. Nilijivuna, nasema bila haya. Nilijivunia baba kuliko nilivyowahi kumjivunia utotoni, na safari hii nilijua ninachojivunia ni nini.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole, kila hatua kumi mtu anampa baba mkono. Tulipofika pasipo na watu akasimama kana kwamba anarekebisha kandambili.

"Mwanangu, yale maneno ndiyo waliyosema?"

"Ndiyo, baba."

Akatembea kidogo, akasimama tena.

"Mimi kile kitabu sikuwa nakisoma," alisema bila kunitazama. "Nilikuwa naangalia picha tu. Ulikuwa unanitazama kwa macho yale, ningekwambiaje sijui?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu ile dakika ya kumi. Nikayaacha yote.

"Hata mimi leo, baba," nikamwambia. "Niliangalia picha tu."

Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, ikabidi nimpigepige mgongoni na kumkung'uta vumbi la kanzu.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Habari zilikuwa zimetangulia. Utingo wa basi la Kilosa aliniuliza kama ni mimi niliyetafsiri sinema jana. Kabla sijajibu, baba alimsogeza utingo kwa fimbo apate nafasi ya kupanda, akakaa kiti cha mbele, akachungulia dirishani.

"Ndiye huyu," alisema. "Kiingereza nilimfundisha mwenyewe."

Abiria wote walinigeukia kuona kama nitabisha. Nikapiga goti kidogo pale kwenye vumbi la stendi, nikamwamkia, naye akanyoosha mkono dirishani akaniwekea kichwani, akaitikia.