Gari Gumu la Kumpeleka Mama Kliniki

Mtu mwenye akili angenunua pikapu. Mimi nilinunua gari la spoti la milango miwili, refu puani, limelala chini karibu na ardhi, nikaenda kuliegesha Tandika kwenye mtaa wenye makorongo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila kitu kinashuka bandarini, nami niliyekuwa karani wa kutoa mizigo forodhani nilijiona mjanja kuliko wenzangu. Gari lenyewe lilikwisha kupita mikono kadhaa hapahapa mjini. Karibu na gia kulikuwa na kitufe cha kuchagua shokapu ziwe ngumu kwa mwendo wa kasi au laini kwa barabara mbovu. Ukikibonyeza, hakuna kilichotokea. Gari lilibaki gumu, na mimi, kijana mwenye kiuno cha chuma, sikujali.

Kisha mama akaanza kuumwa mgongo. Hospitali wakasema kifua kikuu kimeingia kwenye pingili za uti, na kila wiki tukawa tunampeleka mjini kliniki. Jirani yetu mwenye teksi, gari la Kifaransa lenye viti kama godoro, alijitolea kumchukua. Mama hakutaka kusikia.

"Nina mtoto ana gari, nikapande la watu? Wataniuliza mwanangu kanikosea nini."

Nikamwambia gari langu gumu, litamuumiza.

"Mchuma janga hula na wa kwao," akasema, na habari ikaishia hapo.

Basi tukala wote. Mama alikuwa wa wale watu wa pwani ambao hata wakiwa taabani, ukiwauliza hali watakujibu Alhamdulillahi. Kwa hiyo sikumuuliza, nilimtazama kwa jicho la pembeni. Kila shimo alikuwa anauma pindo la kanga, na tukifika hospitali pindo lile limelowa. Niliona uchungu ambao sijawahi kuuona, na kwa kuwa sikujua kulia nilitukana mvua, mashimo na Mjapani aliyelitengeneza gari lile. Mama alinikataza kutukana. Alisema Mjapani hajamwona wala hamjui.

Nikalipeleka gereji moja ya uwanja wazi kule Kiwalani. Fundi wake alikuwa mtu wa dawa moja kwa magonjwa yote.

"Braza, hizi nyaya zote za nini? Tukate, tuunge dairekti."

Nilimkatalia, tukafuata waya mmoja mmoja. Fyuzi ilikuwa nzima. Kitufe tulikifungua tukakisugua kwa msasa. Fundi alinieleza kwamba juu ya kila shokapu, chini ya kifuniko cha mpira, kuna mota ndogo kama kopo la dawa ya viatu. Kazi ya mota hiyo ni kuzungusha kijiti kilichomo ndani ya shokapu. Kikigeuka upande mmoja mafuta yanapita kwa shida, gari linakuwa gumu, na kikigeuka upande wa pili yanapita kwa wepesi. Mwisho tukaukuta ugonjwa chini ya dashibodi, waya umetafunwa na panya. Tukauunga. Nilipobonyeza kitufe taa ya kijani ikawaka, na mota zote nne zikalia, zii, moja baada ya nyingine. Hatukufungua vifuniko. Mota ikilia inafanya kazi, unataka nini tena?

Fundi akalizungusha gari hadi barabara ya uwanja wa ndege, akarudi anakuna kichwa.

"Mie sijaona tofauti, bwana."

Nikamwambia kiuno chake kimezoea vipigo.

Wiki ile mama hakuuma kanga. Njia nzima alikuwa anazungumza, tukavuka reli, tukapita mashimo ya Chang'ombe, anaendelea tu na habari zake. Sikuamini. Nikavunja mwiko wangu nikamuuliza analionaje gari leo.

"Leo halina neno kabisa. Mungu akuongoze, baba."

Siku hiyo daktari hakuwepo, muuguzi alitupa dawa tu na kutuambia turudi wiki ijayo. Nilimbeba mama kutoka benchi hadi garini kama nilivyozoea, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nacheka peke yangu. Mtaani kila mtu alipata habari ya mota zangu, atake asitake. Usiku nililala kama mtu aliyetua mzigo.

Siku ya tatu, niko peke yangu, kitu kikaanza kugonga mbele upande wa kulia. Nikafungua boneti, nikang'oa kile kifuniko cha mpira. Mota ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nikaukata ukanda, mota ikabaki mkononi. Chini yake hapakuwa na kijiti cha kuzungushwa. Ilikuwa shokapu ya kawaida, ya pikapu. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya nne, zote vilevile. Ndiyo kawaida ya gereji zetu: kitu kikifa kinaondolewa, kinawekwa cha gari lingine, na kipande cha kile cha zamani kinafungwa palepale ili mnunuzi asiulize maswali.

Nilimlaani aliyeniuzia, nikamlaani na fundi wake. Hasira ilipopungua ndipo wazo lilipokuja. Gari hili halijawa laini hata siku moja. Fundi alisema, na kiuno changu mwenyewe kilikuwa kinajua, ila nilikinyamazisha. Sasa mama aliona nini?

Nilirudi nyumbani na mikono yangu ya grisi. Alikuwa amelala chali kitandani, uso umechangamka. Hakuningoja niseme, akaanza kunipa habari za harusi ya nyumba ya pili, nani kapewa kazi ya kupika pilau na nani kanuna. Nikakaa miguuni pake. Nikainua kanga, nikamshika kidole gumba cha mguu, nikakifinya. Nikakifinya tena kwa ukucha, mpaka alama ikabaki; mguu haukushtuka.

Mama akaniuliza kama nitakubali gari langu, maadamu siku hizi ni laini, limbebe bibi harusi.